Niliandika sentensi mbili kuhusu kufungwa kwa ziwa, nikakosa mazishi ya mzee wa rafiki yangu

#1 MsumariNchiSita (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni mtu wa Kigoma mjini, nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanga. Sio mwanasiasa. Kadi ya chama ninayo, ila ni ya zamani mpaka picha imefutika. Naandika mwaka huu wa 2025 kwa sababu Oktoba tuna uchaguzi mkuu, magrupu yameshaanza kuchemka, na kuna jambo lilinipata mwaka jana ambalo kila nikikaa dukani mvua inanyesha na wateja hakuna, linarudi.

Mtakumbuka Mei 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Ulikuwa mpango wa nchi zote nne zenye ziwa: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa mtu wa Dar ilikuwa habari ya nusu dakika kwenye taarifa ya saa mbili, baada ya hapo mpira. Kwa sisi huku hiyo ndiyo ilikuwa siasa yenyewe. Ukipanda daladala ya Ujiji wanabishana, ukienda kunyoa wanabishana, ukienda msibani wanaume wakishakaa tu chini ya turubai, ziwa.

Msimamo wangu ulikuwa ziwa lipumzike, na niseme mapema msije mkamaliza bando kunibadilisha: mpaka leo ni huo huo. Nimekua nikila mgebuka ambao mkia unatoka nje ya sahani. Leo unauziwa fungu la vitoto, unaambiwa hiyo ndiyo mboga.

Jioni ya tarehe 15 nikashuka Kibirizi, kwenye mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Kwa wasioijua Kigoma: usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ukisimama juu huku mjini unaona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama kuna mji mwingine kule. Jioni ile hakuna aliyekuwa anaandaa taa. Mitumbwi imevutwa mchangani, watu wamekaa tu. Kulikuwa na mmoja wa bluu mbele, unang'aa, nyuma yake jua linazama upande wa Kongo. Nikapiga picha. Nikaiweka stetasi ya WhatsApp na maneno haya: "Ziwa nalo lipate usingizi. Wanaopiga kelele ni wale wenye nyavu za kuvulia vitoto." Nikaongeza na kisamaki.

Nilijiona nimeandika jambo la maana kweli. Mpaka saa nne usiku watu 61 wameona, wengine wananitumia makofi.

Sasa nina rafiki, nimwite Nahodha. Tulianza wote darasa la kwanza 1994. Baba yake ndiye aliyetufundisha kuogelea pale Katonga: alituangusha majini, akasogeza mtumbwi mbele kidogo, akasema atakayeufikia ndiye atakayekula. Harusi yangu, msimamizi alikuwa yeye. Ana mitumbwi miwili na wavu aliouchukulia mkopo. Wavu wake ni wa halali, na hilo silisemi kwa kusikia. Kamba za kuufungia na maboya nilimuuzia mimi.

Kwenye orodha ya walioona, alikuwemo. Saa mbili na dakika kumi usiku. Hakujibu kitu, na mimi, wallahi, sikuwaza hata kidogo kwamba maneno yale yana uhusiano wowote na yeye. Nilikuwa nawasema "wao". Wale wengine.

Mwezi wa sita ukaingia. Simu zake zikapungua, nikajua ni ukata, kila mtu wa mwaloni alikuwa na ukata. Mwishoni mwa mwezi, asubuhi, nafungua stetasi za watu kama kawaida yangu kabla sijafungua duka, nakutana na picha ya kaburi bichi. Ya mtu tu, dereva wa bodaboda tuliyesoma naye. Chini ameandika: "Pumzika baba yetu, mwalimu wa kuogelea wa Katonga nzima."

Mzee alifariki jana yake alfajiri na akazikwa baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa dukani, umbali wa daladala moja, nauza misumari. Grupu letu la darasa lilikuwa kimya, kumbe walifungua lingine la msiba, mimi sikuwekwa.

Nikakimbia Ujiji. Nahodha amekaa kwenye mkeka na wajomba zake. Akanipa mkono vizuri tu. Huyu mtu ananiita Msumari tangu nilipofungua duka, kabla ya hapo alikuwa akiniita jina ambalo siwezi kuliandika humu. Siku ile akaniambia, "Karibu, bosi."

Basi nauliza. Mnaishije na marafiki zenu kwenye mitandao hasa kipindi hiki? Mnaandika mnachoamini? Mnanyamaza? Au mna namna ya katikati ambayo mimi sijaijua?

#2 ngoja_nione

Naweka kiti hapa. Uzi wa maana.

#3 MwishoWaReli

Mkuu pole, lakini wacha nikwambie ukweli. Rafiki anayekutenga kwa sababu ya stetasi hakuwa rafiki. Hukumtaja jina. Hukutukana. Ulitoa maoni yako kuhusu sera ya serikali, haki yako. Mimi kwenye grupu la ukoo nimeshatolewa mara tatu na kurudishwa mara tatu, na siku ya ubwabwa wa Idi tunakula sinia moja. Watu wa siku hizi wamekuwa laini mno.

#4 MsumariNchiSita

Mwisho wa Reli, na mimi nilijiambia hivyo hivyo miezi miwili mizima. Haikusaidia.

#5 AnikaAnua

Kaka Msumari, shikamoo kama ni mkubwa kwangu.

Mimi ni mmojawapo wa hao "wanaopiga kelele". Sina wavu. Sijawahi kuwa na wavu wa aina yoyote, wa vitoto wala wa mababu. Kazi yangu nanunua dagaa wabichi kwa beseni alfajiri, naanika, naanua, nachambua, nauza kwa wanaopakia kwenda Tabora na Dar. Mvua ikinikuta nimeanika, hasara ni yangu peke yangu. Nina watoto wanne na mmoja alikuwa anaanza kidato cha tano mwaka ule ule, miezi ile ile, na orodha ya vitu vya shule ameletewa: godoro, ndoo, jembe, ream ya karatasi.

Siku ile mwalo unafungwa tulikuwa wanawake wengi tumekaa kwenye vichanja vitupu. Hakuna aliyesema ziwa lisipumzike, nataka hili ulijue. Tuna akili. Sisi ndio wa kwanza kuona dagaa wanapungua, maana beseni ndilo linalotuambia. Tulichokuwa tunauliza ni kitu kimoja: miezi mitatu tunakula nini? Hiyo ndiyo kelele.

Halafu mtu anakuja na simu nzuri, anapiga picha mitumbwi, anatuita wezi wa vitoto vya samaki, jioni anarudi dukani kwake ambako hakuna aliyefunga kufuli.

Sikutukani kaka. Huenda hata stetasi yako niliiona, maana ilizunguka. Nilikuwa nimetumiwa moja ya picha ya mitumbwi yenye maneno kama hayo, nikaisoma nimeshika chujio la chai. Sijui kama ilikuwa yako. Ila nakwambia tu upande wa pili ilikuwaje.

#6 ngoja_nione

Dah.

#7 mpitanjia_88

Hii komenti ya dada ibandikwe juu kabisa.

#8 MsumariNchiSita

Dada AnikaAnua, marahaba. Nimeisoma mara tatu, sina jibu la haraka. Huenda ilikuwa yangu kweli. Mtu wangu mmoja aliniomba ile picha siku ya pili nikamtumia, nikafurahi.

#9 FundiSkrini

Jamani haya mambo yana ufumbuzi mwepesi kuliko mnavyodhani. Stetasi ina sehemu ya faragha. Unaweza kuchagua namba zote zione isipokuwa za watu uliowatenga, au uchague wachache tu ndio waone. Ipo tangu WhatsApp walete stetasi za picha mwaka 2017. Mimi nina watu wangu 14 wa siasa, naposti wanaona hao tu. Mama mkwe anaona maua na mawaidha ya Ijumaa.

Na kwenye grupu ukikosea unafuta kwa wote, unayo nafasi ya siku mbili na kidogo. Zamani ilikuwa saa moja na ushee. Ujumbe uliosambazwa sana unawekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 wa aina hiyo unaruhusiwa kuupeleka sehemu moja moja tu, sio kumwaga magrupu matano kwa mpigo.

Ila skrinishoti hakuna dawa yake. Stetasi inakufa baada ya saa 24, picha ya skrini inabaki kwenye simu ya mtu mpaka siku mtakapogombana. Naletewa simu kila siku hapa kibandani nizihamishie mafaili, mngejua watu wanatunza nini huko ndani mngeacha kuandika kabisa.

#10 MwishoWaReli

@FundiSkrini kwa hiyo suluhisho ni kuwa na nyuso mbili? Wa siasa anaona hiki, mkwe anaona kile? Bora nitukane hadharani.

#11 FundiSkrini

Mkuu, kijiweni ukimwona mkwe anakuja, hushushi sauti?

#12 MwishoWaReli

Nashusha. Lakini sio sawa.

#13 mpitanjia_88

Hahaha ameshikwa.

#14 KaraniMstaafu

Vijana, mimi sio wakili, nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka mingi, kwa hiyo nitasema kidogo halafu nilale.

Katiba yetu Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Hapo mleta uzi yuko salama. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Adhabu yake faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Watu wengi wanaoitaja hawajaisoma, wanatishana tu kwenye magrupu.

Lakini nilichotaka kukionyesha hakihusiani na polisi. Rudini kwenye zile sentensi mbili za kijana wetu. Ya kwanza, "ziwa nalo lipate usingizi", ni maoni. Unaweza kuyakubali au kuyakataa, tunakunywa kahawa. Ya pili, "wanaopiga kelele ni wale wenye nyavu za kuvulia vitoto", hiyo siyo maoni. Ni tuhuma. Amesema watu fulani wanatenda kosa. Na ametuhumu kundi ambalo ndani yake yumo mtu ambaye yeye mwenyewe anajua hana kosa hilo, maana kamba alimuuzia.

Mahakamani shahidi anayejua jambo akalisema kinyume tuna jina letu kwake. Mitandaoni tunaita "kutoa maoni". Magomvi mengi ninayoyaona ya marafiki hayatokani na sentensi ya kwanza. Ni ile ya pili, ile ya kunogesha.

#15 MsumariNchiSita

Mzee shikamoo. Umenivua nguo mbele ya watu, na umenivua kwa haki. Sentensi ya kwanza niliiwaza njiani nikishuka Kibirizi. Ya pili ilikuja pale pale nikiwa nimeshika simu, nikaona ya kwanza peke yake haina chumvi.

#16 Kazeh

Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora, Isevya. Nimesoma uzi nikakumbuka jambo la kwetu.

Januari 1958 TANU walifanya mkutano mkuu hapa Tabora. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwafrika wa nchi hii anaambiwa kiti chake kimoja ni sawa na cha Wazungu wachache. Wajumbe wengi walikuja wamejaa hasira, wanataka chama kisusie. Nyerere akasimama akawaambia waingie hivyo hivyo, kususia ni kuwaachia wengine uwanja. Marafiki walibishana wakitazamana, wengine walisafiri kwa treni siku nzima kuja kumpinga mtu wanayempenda. Mwisho wakakubali kuingia, na uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU wakaufagia. Ndiyo huo tunaouita Uamuzi wa Busara.

Mzee wangu alikuwa akitusimulia kila mwembe ukizaa, maana kwetu Tabora hadithi na maembe vinakwenda pamoja. Alikuwa anasema siri ilikuwa ni kukaa chumba kimoja. Huwezi kumwita mtu msaliti wakati anakupisha upite kwenye kiti. Leo mtu yuko chooni anamwita mwenzake msaliti.

#17 ngoja_nione

"Yuko chooni" nimecheka sana.

#18 KitabuChakavu

Ndugu Kazeh historia yako ni sahihi ila umekata mkia. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na ule uamuzi. Aliondoka TANU akaenda kuanzisha chama chake, African National Congress. Kwa hiyo chumba kimoja, macho kwa macho, na bado watu waliachana. Tusiupambe wakati uliopita tukaupaka mafuta. Hata vijiwe vyetu vya kahawa hapa Ujiji, wakati vyama vingi vinarudi 1992, kulikuwa na kijiwe cha hawa na kijiwe cha wale, na muuza kahawa anajua birika hili lisivuke barabara. Hakukuwa na simu ya mkononi hata moja.

#19 Kazeh

Nakubali, mkia niliukata. Ila Mtemvu aliondoka akijua kwa nini anaondoka, na wenzake walijua. Rafiki wa Msumari aliondoka kimya na mwenzake akabaki anahesabu makofi. Hapo ndipo ninapoona tofauti.

#20 MwlKasulu

Nimekuwa nasoma tu, leo niandike. Ni mwalimu, halmashauri sitaitaja. Mimi nimechagua kunyamaza. Sipendi siasa za kwenye simu kwa sababu kwenye simu yangu yumo mkuu wangu wa kazi, wamo wazazi wa wanafunzi, yumo diwani, yumo mdogo wangu wa chama kingine kabisa, na wote wanasoma sentensi ile ile. Kwenye maisha ya kawaida hawa watu sijawahi kuongea nao wote kwa pamoja hata siku moja. Ningewakuta wote sebuleni ningesema "karibuni chai" basi.

Na siko peke yangu. Chuoni tulisoma utafiti wa Pew Research Center wa Marekani wa mwaka 2014. Waliwauliza watu kuhusu jambo lililokuwa moto wakati ule, siri za ujasusi wa serikali yao alizozivujisha Edward Snowden. Asilimia 86 walisema wako tayari kulizungumza ana kwa ana. Kwa wanaotumia Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuliandika huko walikuwa asilimia 42 tu. Nilishangaa, maana nilidhani Wamarekani hawana aibu. Kuna mama wa Kijerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, alishalieleza miaka ya 1970: mtu akihisi wenye mawazo kama yake ni wachache, ananyamaza, na akinyamaza anawafanya wenzake nao waone ni wachache zaidi. Ukimya unajizalisha kama dagaa.

Kwa hiyo najua kunyamaza kwangu kuna gharama. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, wewe huna msimamo." Ninao. Nikienda kwake Kibondo tunakesha. Wifi anaamka saa nane kutuambia tupunguze sauti.

#21 AnikaAnua

Mwalimu, wewe unaweza kunyamaza kwa sababu mshahara unaingia. Mimi nikinyamaza hakuna anayejua vichanja vitupu. Kwa hiyo mimi naandika, na naposti picha, na namba yangu ya kazi ni hiyo hiyo. Wateja wawili wa Dar walinikimbia mwaka jana wakasema nina siasa nyingi. Walirudi Agosti ziwa lilipofunguliwa, dagaa hawana chama.

#22 MwlKasulu

Hilo sikuwa nimelifikiria dada yangu. Asante.

#23 MwishoWaReli

Mleta uzi tuletee mrejesho. Umeshaongea na huyo Nahodha au unatuandikia sisi ambao hatukujui?

#24 MsumariNchiSita

Umenipata pabaya. Sijaongea naye. Mwaka unakaribia. Ramadhani ilipoingia nilimtumia ile picha ya mwezi na taa, akanijibu "Amina, nawe pia".

#25 KaraniMstaafu

Kijana, hiyo picha ya mwezi na taa nayo ni stetasi tu. Nenda.

#26 ngoja_nione

Siku tano zimepita. Mleta uzi yuko wapi?

#27 MsumariNchiSita

MREJESHO.

Wakuu nimechelewa, naombeni radhi. Nilianza kwa kumpigia shemeji, sio yeye. Nikamwambia nataka kuja. Akakaa kimya kidogo akasema, "Njoo ufuturu hapa kesho, wala simwambii." Nikafunga duka saa kumi, nikanunua tende, nikapanda daladala. Pikipiki yangu niliiacha makusudi ili nisiweze kugeuza njiani.

Nilifika dakika kumi kabla ya magharibi. Alikuwa uani anashona wavu, amekaa kwenye kile kigoda cha marehemu mzee. Akaniona, akasogeza wavu pembeni nipate pa kupita. Hakusema bosi, hakusema Msumari. Alisema, "Maji ya kutawadha yako pale."

Tukafuturu. Uji, mihogo ya nazi, dagaa wa mawese. Watoto wake wamekua, yule mdogo hakunitambua. Tukaongelea bei ya saruji. Tukaongelea treni. Nikawa naona muda unakwenda na mimi nimebeba hotuba niliyoipanga tangu Mwanga, mambo ya sentensi ya kwanza na ya pili kama mzee Karani alivyotufundisha. Nikamwambia, "Ile stetasi ya mwaka jana. Nilikuwa siwasemi nyie."

Akaniuliza, "Mtumbwi wa mbele uliuona?"

Nikasema upi.

"Wa bluu."

Wakuu, mtumbwi wa bluu ulikuwa wake. Alikuwa ameupaka rangi wiki ile, kabla hata hajajua kama ziwa litafungwa kweli au ni maneno. Na rangi, kopo la lita nne, aliinunua dukani kwangu. Nilimwandikia mimi kwenye daftari. Zamani ulikuwa wa kijani, ndiyo maana sikuutambua, lakini mwalo mzima waliutambua. Mimi nilidhani nimepiga picha ya mitumbwi. Watu wa Kibirizi waliona picha ya mtumbwi wa mtu mmoja wanayemjua, chini yake imeandikwa mwenye nyavu za kuvulia vitoto, na aliyeandika ni rafiki yake ambaye yeye ndiye alimsimamia harusi. Anasema kesho yake alipofika mwaloni kuna kijana alimwamkia, "Shikamoo, mzee wa vitoto." Jina likamkaa mpaka Agosti. Na yule wa mkopo anakuja kila Jumatatu, maana mkopo, kama alivyoniambia mwenyewe, hausubiri samaki wazaliane.

Nikamuuliza kwa nini hukunipigia simu ukanitukana. Akasema, "Nilikuwa nasubiri ufute. Nilikuwa naingia kila baada ya muda naangalia. Ikafika kesho yake jioni ikatoka yenyewe."

Kuhusu grupu la msiba, anasema hata sio yeye aliyelifungua. Waliolifungua walimwuliza, "Huyu naye tumweke?" Yeye alikuwa anamkafini baba yake. Hakuwajibu.

Tulikaa mpaka tarawehe. Kuhusu ziwa bado hatujakubaliana. Yeye anasema wangefunga kwa zamu, au wafunge na kutoa kifuta jasho, na kwamba joto la maji nalo linapunguza samaki, sio wavu peke yake, na wazee wanaona upepo umebadilika. Mimi nikamwambia bila kupumzika hata hicho cha kugombania hakitakuwepo. Alipandisha sauti, nikapandisha. Shemeji akachungulia, akarudi ndani.

Wakati natoka akanisindikiza mpaka barabarani. Akasema anataka kopo lingine la lita nne, safari hii nyekundu. Nikamwambia nitakuletea. Akasema, "Usilete. Nitakuja dukani. Na usiandike kwenye daftari, nitalipa taslimu."

Sijui hilo nilisome vipi. Ni jana tu.

#28 ngoja_nione

Hapo kwenye mtumbwi wa bluu nimesimamisha kula.

#29 MwishoWaReli

Nafuta komenti yangu ya #3. Au basi, ibaki, watu waone.

#30 AnikaAnua

Kaka Msumari, "mzee wa vitoto" namjua. Sikujua ilitokea wapi lile jina. Tulilitumia sisi wote, na mimi nimo. Nitamtafuta mwaloni.

#31 FundiSkrini

Stetasi ulishaifuta kwenye simu? Ile picha yenyewe kwenye galari bado ipo?

#32 MsumariNchiSita

Ipo. Ni picha nzuri, ndiyo tabu yake.

#33 mpitanjia_88

Samahanini kwa kuingilia, niko Morogoro. Dada AnikaAnua, dagaa wale wa kukaanga bila mchanga sasa hivi sado unauzaje, na unatuma kwa basi au kwa treni?

#34 AnikaAnua

Kaka njoo inboksi.